Somo: Kusahausahau na ukungu wa kichwani hedhi inapoelekea kukoma

Akina mama wenzangu, somo hili mmeliomba wengi. Unaingia chumbani, unasimama katikati, hukumbuki umefuata nini. Unamwita binti akuletee mbuzi ya kukunia nazi na jina halitoki, unabaki "lete kile, kile cha kukalia." Hofu ya wengi ni moja: nimeanza kuchanganyikiwa kama bibi. Kwa walio wengi, sivyo.

Estrojeni, homoni ya kike, haifanyi kazi kwenye kizazi peke yake. Ubongo nao unaitumia, hasa kushika mambo mapya na maneno. Katika miaka ya kuelekea kukoma hedhi, ambako wengi hufika kati ya miaka 45 na 55, homoni hiyo hupanda na kushuka hovyo. Ndiyo maana kichwa huvurugika hasa wakati hedhi inarukaruka. Utafiti wa Marekani uitwao SWAN, ulioanza 1996 na kufuatilia wanawake kwa miaka mingi, ulikuta wepesi wa kujifunza ulilegea katika kipindi hicho cha mpito, kisha ukarudi.

Hatua ya 1: Okoa usingizi

Naanza hapa kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Joto likikupanda usiku ukaamka umelowa jasho, hata ukirudi kulala, ubongo umekatiziwa kazi yake ya kuhifadhi mambo ya mchana. Lala na kanga nyepesi ya pamba, na nyingine kavu iwe mkononi pembeni ya kitanda, ubadilishe bila kuwasha taa. Chai ya rangi na kahawa ziishie mchana. Na nawaomba sana, msimeze Piriton ili kupata usingizi. Dawa za aina hiyo huacha kichwa kizito asubuhi na zenyewe hupunguza kumbukumbu. Kama joto linakuamsha kila usiku, nenda hospitali ukaliseme. Matibabu yapo, ya homoni na yasiyo ya homoni.

Hatua ya 2: Usibebe kila kitu kichwani

Daftari moja, si vikaratasi. Funguo kwenye msumari mmoja karibu na mlango. Ukibandika maharage, weka kengele ya simu kabla hujatoka jikoni, maana ukishatoka umeshasahau. Unapofunga gesi, sema kwa sauti mkono ukiwa bado kwenye mtungi: "Nimefunga gesi." Sauti yako mwenyewe ndiyo utakayoikumbuka ukiwa kwenye daladala.

Hatua ya 3: Jambo moja kwa wakati

Kuongea na simu huku unahesabu chenji, acha kwa sasa.

Hatua ya 4: Tembea

Lengo ni dakika 150 kwa wiki, mwendo wa kukazana. Husaidia usingizi, moyo na ubongo kwa pamoja.

Hatua ya 5: Pima, usisingizie umri

Kipindi hiki wengine hutoka damu nyingi, damu inapungua mwilini, na upungufu wa damu peke yake unatosha kukufanya mzito wa kufikiri. Omba kupimwa damu, sukari, presha na tezi ya shingo. Kama unatumia metformin, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu, uliza pia kuhusu vitamini B12, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuishusha. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, nayo huja na usahaulifu. Na ukitokwa na damu baada ya kukaa miezi 12 bila hedhi, hata tone, usisubiri.

Hatua ya 6: Waambie wa nyumbani

Mume na watoto wakijua, wataacha kukuona huwajali.

MASWALI YA WANACHAMA

*Dada, mimi ni mweka hazina wa kikoba. Juzi nimebishana na mwanachama kama amelipa au la. Nijiuzulu?*

Usijiuzulu, mama. Badilisha utaratibu: jina na kiasi viandikwe kwanza, mlipaji atie sahihi, ndipo pesa iingie kwenye sanduku. Mwenzako mmoja asome hesabu kwa sauti kabla hamjatawanyika. Utaratibu huo unamlinda hata mweka hazina asiyesahau.

*Hizi dawa za homoni zinarudisha kumbukumbu?*

Kazi yake kubwa ni kutuliza joto, na ukilala vizuri kichwa nacho huweza kuchangamka. Kwa ajili ya kumbukumbu peke yake hazitolewi. Matokeo ya utafiti wa Marekani yaliyotoka 2003 yalionyesha kuwa waliozianza wakiwa na miaka 65 na zaidi waliongezeka hatari ya kupoteza kumbukumbu. Mweleze daktari kama umewahi kuugua saratani ya titi au damu kuganda kwenye mshipa. Usiazime za shoga yako: mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake.

*Shikamoo. Nina miaka 38, nilitolewa kizazi na tangu hapo nasahau sana.*

Marahaba mwanangu. Uliza waliokufanyia upasuaji kama mifuko ya mayai, yaani ovari, nayo ilitolewa. Kama ilitolewa, homoni imekatika ghafla, na kwa umri wako unahitaji kumwona daktari wa wanawake mapema, kwani mifupa na moyo pia vinahusika. Kama ilibaki, kwa kawaida homoni inaendelea, hivyo tafuta sababu nyingine kwa kufuata hatua ya 5.

*Nitajuaje kama kwangu ni zaidi ya kukoma hedhi?*

Kusahau ulipoweka ufunguo ni kawaida. Kuushika na usijue ni wa kufanyia nini, hapana. Kupotea njia unayopita kila siku, kuuliza swali lilelile ndani ya muda mfupi, kushindwa kupika chakula ulichopika maisha yako yote: hayo yanataka hospitali, umri wowote. Nenda na mtu mnayeishi naye, kwa sababu daktari atahitaji kumsikia yeye pia.