Dawa ya pua yenye kuzibua na steroidi: namna ya kupuliza

Vumbi la kiangazi Tabora likiziba pua, chupa ya mchanganyiko hufanya kazi mbili. Oksimetazolini, dawa ya kuzibua, hubana mishipa ya damu, pua ikafunguka ndani ya dakika chache; steroidi hupunguza uvimbe polepole, kwa siku kadhaa.

Penga kamasi, tikisa chupa, inamisha kichwa mbele kidogo. Pua ya kushoto tumia mkono wa kulia, na ya kulia mkono wa kushoto, ncha ielekee upande wa sikio. Ukielekeza kwenye ukuta wa kati, unaweza kutokwa damu. Vuta hewa taratibu. Ukivuta kwa nguvu dawa inaishia kooni, chungu kwelikweli.

Usizidishe siku tano bila ushauri wa daktari: pua huzoea dawa ya kuzibua, ikaziba zaidi. Mwenye presha amwambie mfamasia kwanza.