Namna ya Kukokotoa Umbali wa Nyota kwa Parseki na Miaka ya Nuru

Ndani ya mfumo wa jua, tumia kizio astronomia, ambacho ni takriban kilomita milioni 150, yaani umbali wa wastani kati ya dunia na jua. Nje ya hapo kipimo hicho ni kidogo mno.

Kwa nyota, anza na paralaksi. Nyota hupimwa mara mbili kwa kupishana miezi sita, dunia ikiwa upande huu na kisha upande wa pili wa jua, na pembe ambayo nyota imeonekana kuhama hugawanywa kwa mbili. Nusu hiyo ndiyo paralaksi. Ikiandikwa kwa sekunde za tao, ambazo 3,600 hufanya digrii moja, gawanya 1 kwa pembe hiyo, nawe utapata umbali kwa parseki, kizio cha umbali kilicho sawa na takriban miaka ya nuru 3.26. Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na jua, ina paralaksi ya sekunde 0.768, jibu ni parseki 1.30. Zidisha kwa 3.26 upate miaka ya nuru 4.24.

Mwaka wa nuru, yaani umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja, ni takriban kilomita trilioni 9.46, nao hupima umbali, si muda. Pembe ikiwa ndogo sana, usiliamini jibu upesi, kwani kosa dogo la kipimo huzaa kosa kubwa la umbali.