Seli Zinapotoa Kingamwili Haba: Jinsi ya Kutafuta Zilipokwama

Mtu anayekuza seli zilizopandikizwa jeni za kingamwili, akiona mavuno yamepungua, aghalabu hukimbilia kuongeza nakala za jeni. Haraka hiyo mara nyingi humponza, kwa sababu seli inaweza kuwa na ujumbe wa jeni (RNA mjumbe) tele lakini ikashindwa kuzikunja protini kwa kasi inayozitengeneza.

Anza kwa kupima RNA mjumbe ya mnyororo mzito na ya mnyororo mwepesi, yaani aina mbili za protini zinazounda kingamwili, kila moja peke yake. Ikiwa zote mbili ni nyingi na kingamwili katika kimiminika cha kukuzia bado ni haba, hamia kwenye retikulamu ya endoplazimu, sehemu ya seli ambamo protini hukunjwa. Humo mnyororo mzito hushikiliwa na protini iitwayo BiP, ambayo haiuachilii mpaka mnyororo mwepesi uje kuunganika nao. Usipokuja, mnyororo mzito hubaki ndani na hatimaye huvunjwavunjwa. Kwa hiyo hakikisha kwamba mnyororo mwepesi unatengenezwa kwa wingi unaozidi kidogo ule wa mzito.

Hali hiyo huonekana vizuri kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa. Chukua protini za ndani ya seli, uziendeshe bila kemikali ya kuvunja madaraja ya salfa yanayoshikanisha minyororo, kisha utafute kingamwili zako. Mstari wa kilodaltoni 150 hivi ni kingamwili kamili, yenye minyororo mizito miwili na myepesi miwili. Ukiona mstari wa 100 umekolea, hiyo ni minyororo mizito iliyoungana yenyewe kwa yenyewe, ikingoja minyororo myepesi.

Kisha chunguza RNA ya XBP1, jeni inayoonyesha kama seli imeelemewa na protini. Protini zisizokunjwa zikirundikana, kimeng'enya IRE1 huondoa nyukleotidi (vipande vidogo vinavyounda RNA) 26 katika RNA hiyo, na protini inayotokana nayo huamuru retikulamu ipanuliwe. (Seli za plazma mwilini hutumia njia hiyohiyo zinapojiandaa kumwaga maelfu ya kingamwili kwa sekunde.) Tofauti ya nyukleotidi 26 ni ndogo, hivyo tumia jeli nzito na usiwe na pupa ya kuizima.

Seli zikionekana kuelemewa, yaani RNA ya XBP1 ikiwa imefupishwa, subiri ziongezeke, kisha ushushe joto kutoka nyuzi 37 hadi 32 hivi. Ukuaji utapungua, na katika koo nyingi za seli kila seli hutoa kingamwili zaidi, ingawa si katika zote, kwa hiyo jaribu kwanza katika chupa ndogo kabla ya kuligusa tangi.