Kitabu cha Marekani, shilingi ya nyumbani: namna ya kusoma vitabu vya uwekezaji ukiwa na penseli mkononi

Vitabu vingi vya uwekezaji vinavyouzwa Dar es Salaam na Nairobi, pamoja na vile vinavyorushwa kwa PDF kwenye magrupu ya WhatsApp, viliandikiwa msomaji wa Marekani. Hekima yake nyingi ni ya kweli. Tatizo liko kwenye namba: riba, ada, kodi na mfumuko wa bei uliomo ni wa nchi ile, tena wa mwaka ule. Anayechukua hesabu ya kitabu kama ilivyo na kuipeleka kwa dalali wa hisa anapoteza fedha bila kudanganywa na mtu yeyote.

Unahitaji penseli, daftari la kaunta na simu yenye kikokotoo. Ukiwa na Google Sheets kwenye simu, kazi inakuwa nyepesi zaidi.

Anza na ukurasa wa haki miliki, ule ambao watu huuruka. Andika kwenye daftari mwaka kitabu kilipochapwa mara ya kwanza na nchi kinayoizungumzia. Kitabu cha 1999 kilisifu hisa za teknolojia kwa sababu zilikuwa zikipanda kila siku. Machi 2000 faharasa ya Nasdaq, kipimo cha bei za hisa za soko la Marekani lenye kampuni nyingi za teknolojia, ilifika kileleni, na kufikia Oktoba 2002 ilikuwa imepoteza zaidi ya robo tatu. Kilele kile kilifikiwa tena 2015. Japani ni mfano mchungu zaidi: faharasa ya Nikkei ilifika kileleni mwisho wa 1989, na haikukivuka kilele hicho hadi Februari 2024. Kwa hiyo ukikuta sentensi inayosema hisa hurudi tu ukiwa na subira, andika pembeni: wapi, kuanzia mwaka gani, na kwa nani?

Kisha angalia mwandishi anakula wapi. Kitabu kikiishia na tangazo la semina, kozi au grupu la kulipia la kuelekezwa lini ununue na lini uuze, kisome kama kipeperushi cha biashara. Kikiahidi 10% kwa mwezi, kipime papo hapo: chukua 1.1 uizidishe kwa yenyewe mara 60. Milioni 1 inakuwa zaidi ya milioni 304 kwa miaka mitano, na kwa miaka kumi inapita bilioni 92. Mwenye uwezo huo hahitaji elfu thelathini yako ya kitabu.

Sasa fika kwenye jedwali la faida inayozaa faida. Karibu kila kitabu kinalo, na ndilo linalowapumbaza wengi. Kwa kawaida linadhani 10% kwa mwaka kwa miaka 30. Likopi kwa shilingi. Tuseme unaweka TSh 100,000 kila mwezi. Kwenye Google Sheets andika =FV(0.10/12,360,-100000). Jibu ni takriban milioni 226, na wewe umetoa milioni 36 tu mfukoni. Inavutia, lakini usifunge daftari.

Chini ya namba hiyo ondoa mfumuko wa bei. Ukiuweka 5% kwa mwaka, zidisha 1.05 kwa yenyewe mara 30 upate 4.32, kisha gawa milioni 226 kwa hiyo. Zinabaki kama milioni 52 kwa thamani ya shilingi ya leo. Halafu rudia fomula ukiwa umeondoa 2% za ada ya usimamizi, yaani weka 0.08 badala ya 0.10. Sasa unapata milioni 149, kabla hata ya kugusa mfumuko. Asilimia mbili zinazoonekana ndogo kwenye fomu zimekula milioni 77. Kabla ya kununua vipande (hisa zako ndani ya mfuko) vya mfuko wowote wa uwekezaji wa pamoja, uliza ada ya mwaka ni kiasi gani na kama kuna makato wakati wa kutoka.

Kuna kosa jingine linalojificha kwenye neno wastani. Hisa ikipanda 50% mwaka huu na kushuka 50% mwakani, wastani ni sifuri, lakini laki moja yako imekuwa 75,000. Kitabu kikitaja wastani wa mapato, tafuta kama ni wa kujumlisha na kugawa au ni ule wa fedha iliyokua kweli mwaka hadi mwaka. Kisiposema, usiitumie namba hiyo.

Sura zinazofundisha kuingia na kutoka sokoni kila wiki zinahitaji ukali wa pekee. Marekani madalali wakubwa walifuta ada ya kununua na kuuza hisa Oktoba 2019. Kwetu, kwenye masoko ya hisa ya Dar es Salaam (DSE) au Nairobi (NSE), ada ya dalali na makato mengine ya soko kwa muamala mdogo hufika karibu 2% unaponunua, na karibu 2% tena unapouza. Ukizungusha fedha hivyo mara kumi kwa mwaka, karibu theluthi ya mtaji imekwenda hata kama bei haikusogea. Pia kuna hisa zinazopita siku kadhaa bila kuuzwa hata moja. Ushauri wa kuagiza hisa iuzwe yenyewe bei ikishuka hadi kiwango fulani hauna maana pale ambapo hakuna mnunuzi.

Sehemu yenye manufaa kuliko zote, kwa maoni yetu, ni ile ya kupima bei ya hisa dhidi ya faida ya kampuni, lakini ndiyo inayohitaji kurekebishwa zaidi. Vitabu vya Marekani hupenda kusema usilipe zaidi ya mara 15 ya faida ya mwaka. Igeuze namba hiyo: 100 gawa kwa 15 ni 6.7%, yaani faida ya kampuni kwa mwaka ni 6.7% ya bei uliyolipa. Kwa mtu ambaye hatifungani ya serikali yake, yaani mkopo anaoipa serikali kwa riba, inampa 4%, hiyo 6.7% ni malipo ya kubeba hatari. Lakini tuseme hatifungani ya shilingi unayoweza kuinunua leo inakupa 13%. Kulipa mara 15 hapo ni kuchukua hatari kubwa kwa malipo kidogo. Gawa 100 kwa 13, unapata 7.7, hapo ndipo hisa na hatifungani zinalingana kwa kuanzia. Faida ya kampuni nzuri inaweza kukua na kuponi, yaani riba ya hatifungani, haikui, kwa hiyo unaweza kupanda juu ya 7.7, ila uwe na sababu uliyoiandika.

Fanya zoezi hili na kampuni moja halisi kabla ya kuendelea na sura inayofuata. Pakua ripoti yake ya mwaka, tafuta faida baada ya kodi, gawa kwa idadi ya hisa. Tuseme unapata TSh 80 na bei sokoni ni 600: umelipa mara 7.5. Kama gawio, yaani sehemu ya faida anayolipwa mwenye hisa, ni TSh 30 kwa hisa, ondoa kodi ya zuio ya 5% inayokatwa kwenye gawio la kampuni iliyoorodheshwa, zinabaki 28.50, sawa na 4.75% ya bei.

Wanaokosea hapa hukosea kwa njia zilezile. Wanachukua faida ya nusu mwaka wakidhani ni ya mwaka mzima, na hisa nafuu inaonekana ghali. Wanasoma faida kabla ya kodi. Hawaoni maandishi madogo juu ya safu yanayosema tarakimu ziko kwa maelfu au kwa mamilioni. Au wanatumia idadi ya hisa ya zamani ilhali kampuni imeshatoa hisa nyingine. Namba ikikushangaza, kwa uzuri au kwa ubaya, rudia mambo hayo manne kwanza.

Vitabu vya kutajirika kwa nyumba za kupangisha husimama juu ya mkopo wa miaka 30 wenye riba isiyobadilika. Mkopo wa milioni 100 kwa 6% kwa miaka 30 unalipwa kama TSh 600,000 kwa mwezi. Uweke 16% kwa miaka 15, rejesho linakuwa kama TSh 1,469,000. Je, nyumba hiyo inapangishwa kwa zaidi ya milioni moja na nusu, baada ya kutoa matengenezo na miezi isiyo na mpangaji? Kama jibu ni hapana, sura nzima haikuhusu.

Ushauri wa kuhifadhi mali kwa dola nao upime. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikaribia KSh 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa kama 130. Aliyekimbilia dola Januari alipoteza karibu moja ya tano kwa shilingi.

Sura za akaunti za kustaafu za Marekani ziruke bila majuto. Zile za kusoma mizania (hesabu ya mali na madeni ya kampuni), za hatari ya madeni, za kutoweka mayai yote kapu moja na za kuzuia hofu na tamaa, zisome mara mbili. Hizo hazina nchi.

Ukimaliza, kwenye ukurasa mtupu wa mwisho andika tarehe, kampuni au hatifungani uliyoichagua, bei yake siku hiyo, na sababu kwa sentensi mbili. Ripoti ya mwaka unaofuata ikitoka, fungua ukurasa huo kabla ya kuangalia bei.