Talaka Imetoka, Sasa Nyumba Isimame

Nashona nguo Uyole, Mbeya, pale njia ya Tukuyu inapoachana na barabara ya Dar. Nalea watoto watatu na ndani hamna mume. Wateja wangu wengi ni akina mama, na mwanamke akisimama kupimwa husema mambo ambayo hata mchungaji hayasikii. Kwa hiyo haya si yangu peke yangu. Nayaandika kama ambavyo ningemwambia mdogo wangu aliyeshuka stendi na mabegi na mtoto mgongoni. Na nyie kina baba mnaolea wenyewe, mengi ya hapa yanawahusu.

Kabla ya hela, makaratasi

Huku kwetu watu wengi huachana kwa maneno. Wazee wanakaa, ng'ombe wa mahari wanajadiliwa, mwanamke anarudi kwao, basi mtaa mzima unasema ndoa imekwisha. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 haijaisha. Ndoa inavunjwa na mahakama, iwe ilifungwa kanisani, msikitini, bomani au kimila. Unaanzia baraza la usuluhishi la ndoa, la kata au la dini yenu. Wakishindwa kuwapatanisha wanakuandikia hati, na hati hiyo ndiyo unayokwenda nayo mahakamani. Mahakama ya mwanzo inapokea kesi hizi, usitishwe na mtu kwamba lazima uwe na wakili wa suti. Hukumu ikitoka, omba nakala yake na ya amri ya talaka, toa fotokopi, moja ikae kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba yako. Talaka nayo husajiliwa RITA, ule wakala wa serikali wa usajili.

Kuhusu mali, neno ninalolisikia sana ni hili: "Dada, mimi sikuwa na kazi, vyote alinunua yeye." Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, na ikasema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Haina maana kwamba utakatiwa nusu kwa nusu. Mahakama inapima kila mmoja kachangia nini, na hapo ndipo wengi wanaumia, kwa sababu hawana la kuonyesha. Kaa chini uandike: uliwapikia mafundi miezi mingapi nyumba ikijengwa, maji ya kufyatulia tofali ulichota wapi, viazi vilivyouzwa kununua mabati vililimwa na nani. Weka majina ya majirani walioona. Risiti za bati na saruji, mkataba wa kiwanja uliogongwa muhuri wa mtaa, vyote weka pamoja. Kama hela ya wakili hamna, uliza ofisi ya kata wasaidizi wa kisheria wanapatikana wapi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na huduma yao ni bure.

Kuna mambo mengine madogo ambayo watu huyasahau hadi yawaume. Badili namba ya siri ya simu na ya benki siku hiyo hiyo; mtu uliyelala naye miaka kumi anaijua. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na kama laini unayotumia iko kwa jina lake, sajili yako mwenyewe. Nenda kwenye kikoba, kile kikundi chenu cha kuweka na kukopa, na popote ulipoandika jina la mrithi, ulibadilishe. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vikae kwako.

Matunzo si hisani

Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18 na ana haki ya kutunzwa na wazazi wake. Kuachana na wewe hakumwachishi baba na mtoto. Ofisi ya kuanzia ni ustawi wa jamii, iko halmashauri. Baba anaitwa, mnakaa mbele ya ofisa, mnaandikishana. Akikataa kuja au akavunja makubaliano, mahakama inaweza kutoa amri. Mahakama huangalia kipato cha wazazi na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi, kwa hiyo na wewe nenda na gharama hizo mkononi.

Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona mazungumzo mengi yakifia hapa. Ofisa anauliza, "Unaomba shilingi ngapi?" Mama, kwa hasira, anajibu laki tatu kwa mwezi. Baba anacheka, anasema sina. Mwisho wa kikao wanakubaliana elfu thelathini ambayo haitoshi na hata hiyo haiji. Nenda na karatasi iliyoandikwa mtoto mmoja mmoja. Mtoto wa darasa la nne: unga, mboga, sabuni, nauli, mchango wa chakula cha shuleni, madaftari, viatu mara moja kwa mwaka, sweta kabla ya Juni kwa sababu Uyole ya Juni inajulikana. Ada ilifutwa tangu 2016 hadi kidato cha nne, baadaye na cha tano na sita, lakini sare mimi ndiye ninayezishona na sijawahi kushona ya bure. Karatasi ikisomwa mstari kwa mstari, baba anaacha kubishana na wewe, anabaki kubishana na bei ya viatu, na bei ya viatu kila mtu sokoni Mwanjelwa anaijua.

Halafu angalia kazi ya huyo baba. Wengi huku ni wakulima wa viazi, mahindi, ndizi, parachichi. Mkulima hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Ukimwandikisha elfu hamsini kila tarehe moja, Februari atakuwa mdaiwa na Machi atazima simu. Mwandikishe kwa msimu: magunia ya mahindi akivuna, viazi kadhaa, na hela taslimu shule zinapofunguliwa Januari na Julai. Mteja wangu mmoja, mume wake wa zamani analima Umalila, aliandikishana hivyo. Shilingi alikuwa haioni, magunia yanakuja. Mwanaume mwenye lori la kubeba mazao haoni aibu kupita kushusha gunia. Kutuma elfu kumi ndiyo anaona ni kudharauliwa. Sijui ni kwa nini, ila ndivyo walivyo.

Hela ipite kwenye simu ili muamala ubaki. Ikija mkononi, iandike kwenye daftari na asaini. Vikija vitu, viandike na tarehe.

Watoto wakae na nani? Sheria ya Ndoa inachukulia kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama, lakini hilo linaweza kupingwa kama kuna sababu. Linalotangulizwa ni ustawi wa mtoto, na mwenye umri wa kujieleza husikilizwa anataka nini.

Kuishi kwa kipato kinachopanda na kushuka

Fundi cherehani ana misimu. Desemba na Januari ni sare, hulali. Kisha mvua zinashika na watu hawana hela hadi mavuno. Kuanzia Juni harusi, kipaimara na sendoff zinarudi, vitenge vinapangana hadi mlangoni. Muuza genge, mama lishe, mkulima, kila mmoja ana yake. Chora mwaka wako kwenye karatasi, weka alama miezi mizuri na miezi ya njaa, kisha uangalie madeni makubwa yanadondokea wapi. Kodi ya nyumba ya miezi sita, kwa mfano, nilizungumza na mwenye nyumba ianguke Januari na Julai, nikiwa na hela. Alikubali. Mwenye nyumba anataka hela yake tu, mwezi kwake si kitu.

Daftari langu la vipimo, kwa nyuma, ndilo daftari la nyumba. Kila jioni nikifunga naandika kilichoingia na natoa vitatu kabla ya vyote: kodi, chakula, shule. Kodi ikiwa elfu sitini kwa mwezi, kila siku ni elfu mbili, hiyo haiguswi hata mtu akija na habari ya msiba. Msiba una fungu lake, dogo. Na hela ya kitambaa aliyoacha mteja si kipato. Mafundi wengi wanaanguka hapo, wanakula kitenge cha Mama Fulani wakitegemea cha Mama Mwingine kitakifidia.

Akiba isilale kibandani. Waliokuwepo 2006 soko la Mwanjelwa lilipoungua wanajua ninachosema; watu walipoteza bidhaa na makasha ya hela kwa usiku mmoja.

Sasa mahindi, ambayo ndiyo yaliyoninyanyua kuliko kitu kingine chochote. Mwanamke aliyetoka kwenye ndoa yenye shamba anajikuta ananunua unga kwa kilo dukani, na Februari bei haishikiki. Nunua yakivunwa, Julai au Agosti, hata kama ni debe moja kila wiki. Nyumba yetu ya watu wanne, kwa kuwa tunachanganya na wali, viazi na ndizi, inamaliza kama debe moja na nusu kwa mwezi. Piga hesabu yako kuanzia Novemba hadi Mei, hiyo ndiyo ya kuhifadhi.

Kabla ya kuhifadhi, pima ukavu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje za mahindi kidogo na chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Ikidondoka yote chini, yamekauka. Kisha tumia mifuko ya kinga njaa, ile yenye plastiki mbili ndani ya kiroba. Jaza wa ndani, shindilia, kamua hewa, songa shingo ya mfuko, ikunje, funga kwa kamba ya mpira. Halafu wa pili vivyo hivyo, na kiroba juu. Dumuzi, wale wadudu wa mahindi, waliomo wanakosa hewa na kufa, huhitaji dawa. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya wasipate njia, maana wakitoboa plastiki kazi imeharibika. Usifungue kila jumapili kuonja. Mfuko unaofunguliwa uwe mmoja hadi uishe.

Mikopo: kausha damu, ile ya riba kubwa ya mtaani, siipendi na sitajifanya nina maoni ya pande mbili. Marejesho yanaanza wiki ileile, biashara bado haijashika, wanakuja kubeba godoro watoto wakiangalia. Kikoba ni bora, kwa kawaida unakopa hadi mara tatu ya hisa zako, na wanaokudai ni watu wanaojua mtoto wako ameugua. Ipo pia mikopo isiyo na riba ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na 4 kati ya hizo ni za vikundi vya wanawake. Serikali iliisimamisha 2023, baadaye ikairudisha. Lazima muwe kikundi kilichosajiliwa. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Na kama mume wa zamani alikopa na wewe ukasaini udhamini, mkopeshaji atakufuata, talaka haikufuti kwenye karatasi ile. Nenda mapema ujue deni limebaki kiasi gani.

Watoto na ukoo

Waambie watoto jambo moja, mara moja, kwa maneno ambayo baba yao akiyasikia hatayakana: baba na mama hawaishi tena pamoja, shule mtaenda, kwa baba mtaenda. Yaliyobaki ni ya wakubwa. Usimtume mtoto "kamwambie baba yako hela ya daftari." Andika ujumbe mwenyewe.

Ukoo wa baba usiukate. Mimi na babu yao hatujawahi kusalimiana uso kwa uso tangu niolewe. Kwa mila yetu Wanyakyusa mke wa mtoto humkwepa baba mkwe. Siku hizi mambo yote napitishia kwa wifi, na wifi ndiye aliyekuja kulala kwangu mwanangu wa mwisho alipolazwa. Kaka zako wa kuzaliwa watasema hao si ndugu zako tena. Ni kweli, ila ni ndugu wa watoto.

Kazi za nyumbani zigawe bila kuangalia ni wa kike au wa kiume. Kijana wangu anasonga ugali na kuosha masufuria, bibi yake alipomwona jikoni alinuna, sasa anaomba apikiwe na yeye. Wakubwa wajue pia hela ya nyumba ikoje, kwa kiasi chao. Mtoto anayejua kodi inalipwa Julai haombi viatu Juni.

Watakuja wanaume wa kukusaidia. Wengine wema. Anayeanza kwa kuwanunulia watoto chipsi kabla hajakujua vizuri, mcheleweshe. Hela ya kikoba na hati zako zisijulikane na mgeni, hata awe anaimba kwaya.

Likizo za Juni na Desemba, wakienda Tukuyu kwa baba, tunakubaliana tarehe ya kwenda na ya kurudi kwa maandishi, na nauli ya kwenda ni yangu, ya kurudi ni yake. Begi naliandaa hivi: sweta mbili, kwa kuwa Tukuyu mvua haichagui mwezi, kadi ya kliniki ya mdogo, dawa ya kifua na namna ya kuitumia imeandikwa kwenye karatasi, sabuni yao, na kitu cha kupeleka kwa mke wa baba yao, kilo ya sukari au kitenge kilichobaki. Wanamwita mama mdogo, wanampa shikamoo. Yeye ndiye atakayewaamsha usiku wakikohoa.