Namna ya Kutambua Mawe Matatu ya Njia ya Tanga hadi Moshi bila Kudanganywa na Mistari

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa jioni mbili na binti wa dada yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyetakiwa kukusanya mwamba moto (uliotokana na kuyeyuka na kupoa), mwamba tabaka (uliotokana na mashapo yaliyotuama) na mwamba geu (uliobadilishwa na joto na mgandamizo ardhini), kisha kueleza jinsi kila mmoja unavyohusiana na mwendo wa mabamba ya ganda la dunia. Fasili zote tatu alikuwa amezikariri bila kosa, lakini alipowekewa mawe mezani aliyapanga kwa rangi. Sikumlaumu, kwa kuwa mimi mwenyewe, ambaye riziki yangu inatokana na kukusanya sampuli za miamba, niliwahi kupotea vibaya zaidi, kama nitakavyoeleza katika hatua ya nne.

Kwa mfano nimechagua njia tuijuayo. Msafiri anayetoka Tanga kwenda Moshi kwa kupitia Segera, Korogwe, Mombo na Same huanza safari kwenye mawe ya chokaa, ambayo ni mwamba tabaka, hupita chini ya milima ya Usambara na Pare iliyojengwa kwa naisi, yaani mwamba geu wenye mistari, na humalizia kwenye miamba ya volkano ya Kilimanjaro, ambayo ni mwamba moto. Aina zote tatu zimo katika barabara moja.

Hatua ya kwanza: vifaa

Utahitaji nyundo, miwani ya kukinga macho, msumari wa kawaida wa kupigilia mbao, siki nyeupe, kipande cha sumaku kutoka spika iliyoharibika na lenzi ya mkono inayokuza mara kumi. Lenzi isikosekane. Programu za simu zinazodai kutaja jina la jiwe kwa kulipiga picha siziamini hata kidogo, kwa sababu picha huonyesha rangi na umbo, na hayo mawili ndiyo yanayodanganya kuliko yote. Lenzi huwekwa karibu kabisa na jicho, kisha jiwe ndilo linalosogezwa hadi lionekane vizuri. Anayeshika lenzi mbali na uso kama anayesoma gazeti haoni kitu.

Hatua ya pili: ugumu

Vunja jiwe upate uso mpya, kisha likwaruze kwa msumari. Kwa kipimo alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812, kalisaiti, ambayo ndiyo madini makuu ya mawe ya chokaa, ina ugumu wa 3, ilhali felispa na kwatsi, madini yaliyojaa kwenye naisi, zina 6 na 7. Msumari wa kawaida huchimba kalisaiti kwa urahisi, lakini hauwezi felispa wala kwatsi. Usitumie msumari wa zege, kwa kuwa chuma chake kimekazwa na kinaweza kukuchanganya unapofika kwenye felispa. Kumbuka pia kwamba juu ya kwatsi ni msumari unaolika, ukaacha mstari wa kijivu unaofanana na mkwaruzo. Ufute kwa kidole kilicholoweshwa: mkwaruzo wa kweli hubaki.

Hatua ya tatu: siki

Dondoshea siki juu ya jiwe la chokaa nalo litatoa viputo vya hewa ya kaboni dioksaidi. Siki ni asidi dhaifu, kwa hiyo kwaruza kwanza upate unga, kisha utazame kwa lenzi. Jiwe la chokaa la Tanga, ambalo ni la zama za Jurasi, yaani zama za dinosauria, na ndilo lililochimbwa na maji hadi yakapatikana mapango ya Amboni, halitakusumbua. Usiguse kuta za mapango yenyewe, kwa kuwa yanahifadhiwa. Omba ruhusa kwenye machimbo ya chokaa uokote kipande kilichokwisha kuanguka.

Kuna tahadhari tatu. Marumaru nayo hutoa viputo, ingawa ni mwamba geu, kwa sababu ni chokaa iliyopikwa upya ardhini. Katika sehemu kavu, maji ya ardhini huacha utando mweupe wa chokaa juu ya jiwe lolote, kwa hiyo siki idondoshewe uso uliovunjwa, wala si ganda la nje. La tatu ni la nadra, lakini liko kwetu: Oldoinyo Lengai hutoa lava iliyojaa kabonati, nayo ni mwamba moto unaotoa viputo. Hiyo ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya namna hiyo, ambayo hutoka ikiwa nyeusi na hugeuka nyeupe inapokutana na unyevu.

Hatua ya nne: je, ni matabaka ya mashapo au ni mistari ya naisi?

Hapa ndipo mwanafunzi hupotea, na kwa maoni yangu kosa linaanzia kwenye jina. Tunamfundisha mtoto kwamba kuna "mwamba tabaka", halafu tunashangaa anapolipa jina hilo kila jiwe lenye mistari. Naisi ya Usambara ina mistari myeupe na myeusi iliyopangwa vizuri kuliko jiwe la mchanga nililowahi kuliona. Mimi napendelea kusema "mwamba wa mashapo", kwa kuwa neno hilo linataja asili ya jiwe, yaani mchanga, matope au mabaki ya viumbe yaliyotuama, badala ya sura yake.

Katika mwaka wangu wa kwanza kazini nilikata vipande arobaini kutoka ukingo wa barabara inayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, na vyote nikaviandikia lebo ya mwamba tabaka. Nilikuwa nimefanya kipimo ambacho vitabu vingi hukitaja: nikasugua jiwe kwa kidole gumba, na punje zikadondoka kama mchanga. Sikujua kwamba naisi iliyooza kwa mvua na joto la milimani hudondoka vivyo hivyo. Felispa hugeuka kuwa udongo wa mfinyanzi, kwatsi hubaki peke yake kama mchanga, na mistari huendelea kuonekana ndani ya kitu kinachoweza kuchimbwa kwa jembe. Kurudia lebo zote kulinigharimu siku mbili, na kabla ya hapo saa kadhaa za kubishana na mzee aliyekuwa akitusimamia, ambaye alikuwa sahihi.

Tangu hapo hufuata utaratibu huu. Kwanza, sipimi jiwe lililooza. Hutafuta bonge kubwa lililobaki gumu katikati ya udongo, nalivunja hadi nipate uso unaong'aa, na lisipopatikana hubadilisha mahali. Pili, huloweka uso huo kwa maji na kuutazama kwa lenzi juani. Katika mwamba wa mashapo, punje huwa zimewekwa pamoja na kugandishwa na kitu kingine kilicho katikati yake, na nyingi huwa zimepoteza kona kwa kusagwa na maji. Katika naisi hakuna kitu cha katikati: kila punje imemea hadi ikabanana na jirani yake, kama vipande vya ubao vilivyochongwa vikaingiliana. Tatu, hutazama mpasuko ulipopita. Katika jiwe la mchanga la kawaida mpasuko huzunguka punje, ilhali katika naisi hukata katikati ya punje, na felispa iliyokatwa huonyesha nyuso bapa zinazometa jiwe likigeuzwa polepole mkononi.

Kipimo cha mpasuko peke yake hakitoshi. Kwatsaiti, ambayo ni jiwe la mchanga lililogeuzwa, hukatika vivyo hivyo, na hata jiwe la mchanga lililogandishwa sana kwa silika linaweza kukuhadaa. Kwa sababu hiyo hutazama jambo la nne, yaani madini yenyewe. Vipande vya ulanga vikilala vyote upande mmoja kama magamba ya samaki, na hasa ukiona vinundu vyekundu vya ganeti ambavyo mistari imejipinda kuvizunguka, umepata mwamba geu, kwa kuwa ganeti imeota humo humo ndani ya jiwe. Ulanga peke yake si ushahidi kamili, maana hata mto hubeba ulanga. Tano, hufuata mstari mmoja kwa macho kadiri jiwe linavyoruhusu. Mistari ya naisi hupungua unene, hujikunja na pengine hupotea kabisa, nayo hutofautiana kwa madini: kwatsi na felispa katika mweupe, madini ya chuma na magnesi katika mweusi. Matabaka ya mashapo hutofautiana zaidi kwa ukubwa wa punje, na huweza kuwa na makombe au mabaki mengine ya viumbe. Kombe moja lililotambuliwa vizuri hunitosha.

Hatua ya tano: jiwe la volkano

Hili ni rahisi kulitambua. Basalti, yaani jiwe la lava iliyopoa, ya chini ya Kilimanjaro ni nyeusi, nzito, punje zake hazionekani kwa jicho tupu, na mara nyingi ina matundu yaliyoachwa na gesi. Sumaku iliyofungwa kwenye uzi huweza kuvutwa kidogo nayo. Ukipata jiwe la Kibo lenye fuwele kubwa za felispa ndani ya jiwe jeusi lenye punje ndogo mno, ujue lilipoa mara mbili: polepole chini ya ardhi, kisha haraka juu yake.

Hatua ya sita: kuyaweka mawe kwenye historia ya mabamba

Yapange kwa umri. Naisi inatangulia: kati ya takribani miaka milioni 650 na 550 iliyopita vipande vya bara viligongana Gondwana, bara kuu la kale, ilipokuwa ikiundwa, na miamba ya Usambara na Pare ikashindiliwa kwenye kina cha zaidi ya kilomita 25. Tunachokanyaga leo ni mizizi ya safu ya milima iliyokwisha kumomonyoka. Linafuata jiwe la chokaa, lililotuama kwenye bahari changa iliyoingia pwani wakati Madagaska ilipoanza kujitenga na Afrika. La mwisho ni basalti, ambayo haijafikisha miaka milioni tatu, na inatokana na Bonde la Ufa, ambako bamba la Nubia na bamba la Somalia bado yanaachana kwa milimita chache kila mwaka.

Usiandike kwenye lebo kwamba milima ya Usambara ilikunjwa na Bonde la Ufa, kosa ambalo nimelikuta katika madaftari mengi. Miamba yake ni ya mgongano wa kale, ila kuinuliwa kwa milima yenyewe kulitokana na mipasuko ya baadaye sana, na mambo hayo mawili yaandikwe kwenye mistari miwili tofauti. Namba ya sampuli iandikwe kwa wino usiofutika juu ya doa la rangi nyeupe kwenye jiwe lenyewe, kwa sababu karatasi hubanduka.