Namna ya kuandika malalamiko ya makelele Lubumbashi yasirudishwe

Nina kibanda cha kuchapa barua na kupiga fotokopi, si mbali na soko la Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo. Watu huniletea kila aina ya karatasi: maombi ya kazi, mikataba ya kupangisha nyumba, barua za shule. Miaka hii ya karibuni barua ninayoombwa sana ni ya makelele. Bare (baa) imefunguliwa ukutani mwa lupango (ua wa nyumba), kanisa la uamsho limefunga bafle (spika) nne kwa waumini thelathini, grupu ya umeme (jenereta) ya jirani inanguruma chini ya dirisha la mtoto mchanga. Mwaka jana nilimsaidia mama mmoja wa Katuba ambaye mama yake mzazi alikuwa mgonjwa ndani ya nyumba, na tulipoteza karibu miezi miwili kwa kosa moja dogo lililopita mikononi mwangu. Naandika haya ili lisikupate wewe.

Hatua ya 1: Tambua makelele ni ya nani

Bare, kanisa, grupu, mashini ya kusaga unga, matanga: kila moja lina mlango wake. Matanga usiyaandikie barua. Ni ya siku chache, na anayelia leo kesho atakuja kulia kwako. Mtume mzee wa avenyu akaombe bafle zizimwe usiku ukiwa mkubwa, inatosha. Mashini ya kusaga na grupu kubwa ya biashara ni habari nyingine. Kuna Dekreti nambari 13/015 ya tarehe 29 Mei 2013 inayosimamia mitambo na viwanda vinavyoweza kuleta hatari au usumbufu kwa majirani, kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye mashini ni: karatasi ya ruhusa iko wapi? Wengi wenu mnaniletea bare na makanisa, basi nitafuata njia hiyo.

Hatua ya 2: Nenda ukaongee, mchana

Usiende usiku wakati muziki unapiga na watu wamekunywa. Nenda Jumanne asubuhi, bare ikiwa inafagiliwa, na umchukue mtu mmoja mwenye umri.

Usiseme "mupunguze". Kila mtu anapunguza kwa kipimo chake, na baada ya nyimbo mbili mkono unarudi kwenye kitufe. Omba jambo linaloonekana kwa macho. Kule Katuba bafle mbili zilikuwa zimewekwa chini, kwenye kona, mgongo ukigusa ukuta wa mama. Bafle ikikaa chini kwenye kona, sakafu na kuta mbili huiongezea besi, na besi ndiyo inayopenya matofali. Sauti nyembamba nyingi hubaki upande wa pili. Tulimwomba mwenye bare aziinue juu ya meza, azisogeze mbali na ukuta na kuzigeuza ziwatazame wateja wake. Umbali nao unasaidia: mahali pa wazi, ukiuzidisha mara mbili, sauti inashuka desibeli kama 6. Alikubali kwa heshima. Siku tatu tulilala. Siku ya nne bafle zilikuwa zimerudi chini.

Andika tarehe ya mazungumzo hayo na jina la aliyekuwepo. Utaihitaji kwenye barua.

Hatua ya 3: Fungua daftari

Hapa ndipo watu wengi wanaanguka, kwa hiyo nivumilie.

Nunua daftari la shule na kalamu ya wino. Kila usiku andika mstari mmoja: tarehe, saa makelele yalipoanza, saa yalipoisha, ulisikia nini, ulikuwa chumba gani, na nini kiliharibika. "Mgonjwa amehamishiwa sebuleni." "Mtoto hakwenda shule." Fanya hivyo wiki tatu, bila kuruka.

Sasa kuhusu saa. Mama yule aliandika: "Ijumaa, saa 4 mpaka saa 8." Alikulia Kalemie na anahesabu saa kwa Kiswahili: saa nne ya usiku, saa nane ya usiku. Jirani yake, aliyezoea kuhesabu kwa Kifaransa, aliandika kuhusu usiku ule ule: "22 mpaka 2." Mimi nilipochapa barua kwa Kifaransa nilinakili namba za mama kama zilivyo, 4 na 8. Kwenye ofisi walikoipeleka barua, msomaji akaelewa kwamba bare inapiga muziki alfajiri mpaka asubuhi. Mwenye bare akaitwa, akasema saa hizo mlango wake umefungwa, na kweli huwa umefungwa. Kisha wakafunua daftari la jirani, wakakuta 22. Mashahidi wawili wa upande mmoja wanapingana juu ya usiku mmoja! Faili likafungwa siku ile ile.

Mama alirudi kibandani, bahasha imekunjwa mkononi, akakaa kwenye benchi bila kusalimia. "Yaya," akasema, "banasema tunasema bongo." Mwanamke aliyekuwa hajalala usiku mzima kwa wiki tano, anaambiwa ni mwongo kwa sababu ya namba nne.

Tangu siku hiyo, kabla ya mtu kuandika chochote, namchorea mimi mwenyewe ukurasa wa kwanza wa daftari:

saa 1 ya usiku ni 19:00
saa 4 ya usiku ni 22:00
saa 6 ya usiku ni 00:00
saa 8 ya usiku ni 02:00
saa 11 ya alfajiri ni 05:00

Ndani ya daftari ziandikwe namba za upande wa kulia tu. Ukisahau, nakili kutoka kwenye simu. Lakini simu nayo ichunguze kwanza. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na nimekuta simu iliyopangwa kwa saa za Kinshasa bila mwenyewe kujua. Yeye anaandika 21:00 wakati nyumba ya pili wanaandika 22:00. Ingia kwenye mipangilio ya saa, hakikisha imechaguliwa Lubumbashi, halafu kaeni majirani wote pamoja mlinganishe simu zenu mezani.

Tarehe nayo inateleza. Muziki ulioanza Ijumaa na kuzimwa 02:00 umekwisha Jumamosi. Mmoja ataandika Ijumaa, mwingine Jumamosi, na tumerudi kule kule. Andika hivi: "Ijumaa tarehe 5 kuamkia Jumamosi tarehe 6, 22:10 mpaka 02:15."

Usiku wa kimya pia uandikwe. Andika "kimya" na tarehe. Daftari lenye makelele siku 21 kati ya 21 halimshawishi mtu. Lenye usiku 12 wa makelele na 9 wa kimya linaonyesha kwamba mwandishi alikuwa anasikiliza kweli. Na usijaze wiki nzima siku moja. Wino unaonekana, mwandiko unaonekana, mtu wa ofisi anatambua mara moja.

Nyumba tatu, kila moja na daftari lake, kila mmoja akiandika bila kuchungulia la mwenzake: hilo nalipenda kuliko saini arobaini za watu wanaoishi mwisho wa avenyu. Saini nyingi zinapendeza, lakini mwenye saini akiitwa na kuulizwa "ulisikia nini tarehe 5?" akanyamaza, anakuharibia hata saini zilizo nzuri.

Vijana huniuliza kuhusu programu ya simu ya kupima desibeli. Mimi siitumii kwenye barua. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, simu mbili zikiwekwa pamoja hutoa namba tofauti, na mwenye bare atakuja na yake. Tena kipimo kinachotumiwa sana, cha A, hupunguza uzito wa besi ili kufuata namna sikio linavyosikia sauti za chini. Kwa hiyo skrini inaweza kuonyesha namba ya upole wakati vioo vya dirisha lako vinatetemeka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilitaja desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala. Namba hiyo nzuri kuijua, lakini kwenye daftari andika "vioo vinatetemeka, maneno ya wimbo yanasikika kitandani." Hayo yeyote anaweza kuja kuyahakikisha kwa masikio yake.

Hatua ya 4: Shefu wa kartie

Huyu ni mkuu wa mtaa wako. Mpelekee daftari, mwombe aje asikilize au awaite pande zote mbili, na umwombe aandike mistari miwili kwamba alijaribu. Usikae hapo miezi. Kartie ni ngazi ya utawala tu, uamuzi uko komine, yaani manispaa.

Hatua ya 5: Barua kwa burgumestre

Barua iende kwa burgumestre, mkuu wa komine yako, kwa sababu utulivu wa umma katika komine uko mikononi mwake. Angalia sheria nambari 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008. Andika kwa Kifaransa, ndiyo lugha ofisi zinafanyia kazi. Daftari libaki kwa Kiswahili kama lilivyo, maana Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika ibara ya kwanza ya Katiba, na nakala yenye mwandiko wako ina nguvu kuliko tafsiri yangu.

Ukurasa mmoja, si zaidi. Wewe ni nani na unaishi avenyu gani, makelele yanatoka wapi, yalianza lini, mazungumzo yalifanyika tarehe gani, daftari linasema nini kwa ufupi, unaomba nini. Usitukane, usiseme mwenye bare ni mchawi au mlevi, usitaje kabila lake. Barua za namna hiyo nimezikataa kuzichapa hata mtu akilipa mara mbili.

Kwenye sheria, taja chache ulizoziona. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2006 inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Kama ni kanisa, ongeza ibara ya 22: uhuru wa ibada unalindwa, lakini kwa kuheshimu sheria, utaratibu wa umma, maadili na haki za wengine. Mchungaji hawezi kusema unapinga Mungu, unaomba usingizi. Kuhusu maagizo ya meya juu ya makelele na saa za kufunga bare, usiandike namba uliyoambiwa na mtu. Nenda ukasome kwenye valve (ubao wa matangazo) ya komine au ya meri (ofisi ya meya), omba upige nakala, uangalie saini na tarehe, ndipo uitaje.

Kisha ibara ya 27, ambayo wengi hawaijui: kila Mkongomani ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Ibara hiyo hiyo inakataza mtu kushtakiwa kwa kuwa alipeleka ombi. Soma sentensi hiyo kwa sauti mbele ya majirani wanaoogopa kutia saini.

Lakini miezi mitatu inahesabiwa tangu lini? Tangu siku iliyogongwa muhuri kwenye nakala yako. Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine inagongwa muhuri, inaandikwa tarehe na jina la aliyepokea, unarudi nayo nyumbani. Usimwachie mlinzi getini. Usimwachie binamu anayefanya kazi ndani. Usitume picha kwa WhatsApp. Wakikuambia mwenye muhuri ametoka, kaa umsubiri, au rudi kesho na barua zote mbili mkononi. Nimeona barua nzuri kabisa ikikaa miezi saba bila jibu, na hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba iliwahi kuingia ofisini. Kwa barua hiyo hiyo andika chini kwamba nakala inakwenda kwa meya na kwa komanda wa polisi wa eneo, na huko nako ugongewe muhuri.

Hatua ya 6: Wakija kuona

Omba waje usiku wa Ijumaa au Jumamosi kulingana na daftari lako, si Jumatano saa nne asubuhi. Waingize mpaka chumba kinachoumia. Kule Katuba, barua ya pili, yenye saa zilizonyooshwa, ilileta watu wawili usiku mmoja. Walikaa kwenye kitanda cha bibi mgonjwa dakika kumi, hawakuuliza kitu kingine. Mwenye bare akaitwa, wakakubaliana: bafle ndani, juu ya meza, muziki wa nje unazimwa 22:00. Makubaliano kama hayo yaandikwe kwenye PV, hati rasmi ya ofisi, pande zote zitie saini, na wewe uondoke na nakala. Makubaliano ya mdomo usiyapokee.

Ukiombwa pesa yoyote, omba risiti kabla ya kufungua mkoba.

Hatua ya 7: Polisi na mahakama

Kupiga simu polisi usiku sikushauri kama mwanzo. Muziki unazimwa nusu saa, unarudi, na jirani amekuwa adui. Polisi wana maana ukiwa na PV inayovunjwa. Mahakama ya amani ni ya mwisho. Hapo tafuta wakili. Ibara ya 258 ya Sheria ya Madeni, kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, inasema anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake anapaswa kuilipa, na utatakiwa kuonyesha mambo matatu: kosa, hasara, na kwamba hasara ilitokana na kosa hilo. Risiti za dawa na daftari vikae pamoja.

Mama wa Katuba hakufika huko. Makubaliano yalivunjwa mara mbili mwezi wa Desemba. Alikwenda komine na nakala ya PV pamoja na mistari miwili ya daftari, bila barua mpya, na jioni ile ile bafle zikarudi ndani. Daftari bado analiandika, limefungwa kwa uzi kwenye msumari kando ya dirisha. Usiku mwingi sasa lina neno moja tu, "kimya," na tarehe.